Vitz ya 990, Vitz ya 1290 na IST: injini ipi imekaa wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Mbeya, natafuta gari dogo la kwanza la familia: mimi, mume wangu na watoto wawili. Nimeonyeshwa matatu. Vitz ya mwaka 2002 cc 990, Vitz ya 2006 cc 1290, na IST ya 2003 cc 1290, zote otomatiki. Dalali anasema Vitz ya 1290 na IST zina injini moja, kwa hiyo nichukue Vitz kwa kuwa ni ya karibuni zaidi. Fundi wetu anasema Vitz zote za 990 ni pistoni tatu, nisiguse. Baba yangu, aliyetembelea Starlet miaka mingi, anasema haya yote ni makopo na injini ya maana ilikuwa ile yake. Wikiendi tunakwenda Tukuyu kwa wakwe, na mara mojamoja Dar. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Dalali amekosea. Fundi amechanganya vizazi viwili vya gari moja. Mzee ana hoja, ila hoja yake inahusu gari ambalo hata likiwa la mwisho kutoka kiwandani, sasa lina zaidi ya miaka 25. Nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukishajua injini ipi ilikaa kwenye gari lipi na kwa nini, hutamhitaji mtu wa kukuamulia.

Naanza na mzee, maana habari yenyewe inaanzia kwake. Mwaka 1961 Toyota walitoa gari dogo lililoitwa Publica, lenye injini ya silinda mbili ya cc 697 iliyopozwa kwa hewa, bila rejeta. Mwaka 1973 jina la Starlet likatokea likiwa limebandikwa kwenye Publica, na kufika 1978 Publica ikaondoka na Starlet ikasimama peke yake. Starlet hiyo ya 1978, yenye kodi (alama ya modeli) ya KP60, bado ilisukumwa na magurudumu ya nyuma na ilitumia injini za familia ya K, zile ambazo valvu zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Ukikutana na fundi mwenye mvi atakusimulia habari za 3K na 4K hadi chai ipoe.

Mageuzi makubwa yalikuja Oktoba 1984. Starlet ya EP70 ikahamia magurudumu ya mbele, injini ikalazwa kwa upana, na familia ya K ikaipisha familia ya E. Kuanzia hapo hadi mwisho, Starlet za petroli ni injini za E: 1E ya cc 999, 2E ya cc 1295, halafu 4E ya cc 1331, ambayo kwenye matangazo huandikwa 1330. Kizazi cha mwisho, EP91, kilitoka Januari 1996 na kufungwa 1999. Nacho kina 4E-FE, na yule ndugu yake mtukutu, Glanza V, mwenye tabo na nguvu za farasi 135. Kama mzee wako alikuwa na Starlet ya miaka ya tisini, kuna uwezekano mkubwa alikuwa na 2E au 4E.

Alikuwa na haki ya kuipenda. Gari lilikuwa jepesi, nafasi chini ya boneti ilitosha mkono wa fundi kuingia na kutoka bila kuchubuka, na lile la kabureta ulilitengeneza kwa bisibisi na pumzi. Lakini injini za E zinaendesha taimingi, yaani mpangilio wa kufunguka kwa valvu, kwa mkanda wa mpira. Mkanda una umri wake, kilomita 100,000 hivi, na watu wetu wengi hununua gari bila kujua mkanda ulibadilishwa lini, halafu wanaendelea kuomba Mungu. Ukikatika, unasimama hapo hapo ulipo, iwe Mwanjelwa au katikati ya mlima Kitonga.

Januari 1999 Vitz ikachukua nafasi ya Starlet, na hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, kwenye studio ya Toyota ya Ulaya. Huko Ulaya gari liliuzwa kwa jina la Yaris, na likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya la 2000. Nyumbani Japani nako likapata tuzo ya mwaka 1999–2000, pamoja na ndugu zake wawili waliotoka Agosti 1999, Platz na Funcargo. Ndugu hao unawajua, wamejaa mjini kwenu. Platz ni Vitz iliyoongezewa buti, Funcargo ni Vitz iliyovimba ikawa kigari cha mizigo na watu. Hata ile dashibodi yenye spidi mita ya namba katikati, inayowashangaza abiria hadi leo, ilianzia humo.

Chini ya boneti mkanda uliondoka na cheni ikaingia. Ikaja pia VVT-i, mfumo unaosogeza muda wa kufunguka kwa valvu za kuingizia hewa kulingana na mwendo wa injini. Mfumo huo unasukumwa na presha ya oili. Kwa hiyo mtu anayepitisha muda wa kubadilisha oili kwenye Vitz anaumiza vitu viwili ambavyo Starlet ya mzee haikuwa navyo: cheni, ambayo ulainishaji na kikazio chake vinategemea oili safi, na VVT-i yenyewe. Wengi walihama kutoka Starlet kwenda Vitz wakiwa na mazoea yale yale ya oili, kisha wakasema injini mpya ni laini.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu hizo cc. Vitz ya kwanza, ile ya 1999 hadi mwanzoni mwa 2005 ambayo sisi tunaiita old model, ilitoka na familia mbili za injini ndani ya bodi moja. Ya kwanza ni SZ: injini 1SZ-FE, cc 997, silinda nne, farasi 70. Gari lenye injini hii lina kodi SCP10. Ya pili ni NZ: injini 2NZ-FE ya cc 1298 kwenye NCP10 (na NCP15 kama inavuta magurudumu yote manne), na 1NZ-FE ya cc 1496 kwenye NCP13, ile ya michezo iitwayo RS.

Soma tena hapo kwenye 1SZ: silinda nne. Vitz yako ya 2002 cc 990 ina pistoni nne, haijawahi kuwa na tatu. Fundi akibisha, mwambie afungue boneti na ahesabu koili zilizokaa juu ya plagi.

Pistoni tatu anazozisema zipo, ila zilikuja baadaye. Vitz ya pili ilitoka Februari 2005, na toleo lake la cc 990 likapewa injini nyingine kabisa, 1KR-FE, cc 996, silinda tatu, iliyobuniwa na Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota. Kodi ya gari ni KSP90. Injini hiyo hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye Passo mwaka 2004, na Ulaya ilikaa kwenye Toyota Aygo na pacha zake wa Kifaransa, Peugeot 107 na Citroën C1. Kwa hiyo matangazo mawili yanayosema «Vitz cc 990» yanaweza kuwa ya injini mbili zisizopeana hata gasketi. Fundi wako, nadhani, amefungua KSP90 nyingi akaona zote ni hivyo.

Nami simuungi mkono hata kwenye hiyo hofu ya pistoni tatu. 1KR ni injini nyepesi sana na inakula mafuta kidogo, na ilishatwaa tuzo ya kimataifa ya injini bora ya chini ya lita moja zaidi ya mara moja. Inatetemeka kidogo ikiwa sailensa (imewaka, gari limesimama), ndiyo, kwa sababu silinda tatu hazisawazishani kama nne, na maunti, raba zinazoishika injini, zikichoka utahisi mtetemo hadi kwenye usukani. Pampu ya maji ni ya kuichunga. Zaidi ya hapo, nyingi zilizokufa huku zimekufa kwa kuchemsha au kwa kukaushwa oili, na vitu hivyo viwili vinaua injini yoyote. Kwa mtu wa mjini Dar anayepeleka watoto shule na kurudi, ningempa KSP90 bila wasiwasi. Wewe uko Mbeya, na hilo nitalirudia.

Twende kwa dalali. Amesema Vitz ya 2006 cc 1290 na IST ya 2003 cc 1290 ni injini moja. Cc zinafanana karibu kabisa, na ndiyo maana udanganyifu huu unauzika, hata kama yeye mwenyewe anaamini anasema kweli. Vitz ya 2006 ya 1290 kwa kawaida ni SCP90, na injini yake ni 2SZ-FE, cc 1296. IST ya 2003 ya 1290 ni NCP60, na injini yake ni 2NZ-FE, cc 1298. Tofauti ya cc mbili! Lakini ndani ni watu wasiojuana. 2SZ ina silinda nyembamba ya milimita 72 na pistoni inasafiri ndefu, milimita 79.6. 2NZ ina silinda pana ya milimita 75 na pistoni inasafiri fupi, milimita 73.5. Bloku ya 2SZ ni ya chuma cha kumimina. Ya 2NZ ni ya aluminiamu yenye silivu nyembamba za chuma ndani. Gasketi, pistoni, ringi, cheni, pampu ya maji, vyote tofauti. Ukienda dukani ukasema «naomba ya 1290» utarudishwa nyumbani na kitu kisichoingia.

Kuna vighairi vya kukuchanganya zaidi. Vitz ya kizazi cha pili inayovuta magurudumu manne, NCP95, ina 2NZ kama IST. Na Vitz za old model za mwishomwisho zipo zenye kodi SCP13 zilizokuja na 2SZ. Ndiyo maana siamini umbo, mwaka wala cc. Naamini kodi.

Kodi utaipata bila kushika hata spana. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na haya yote matatu ni hayo, namba yake ya chesisi inaanza na kodi ya modeli. Kwenye kadi ya gari utaona kitu kama SCP10 kisha namba, au NCP60 kisha namba. Muombe dalali picha ya kadi kabla hujapanda daladala kwenda kuangalia gari. NCP ni NZ. SCP ni SZ. KSP ni KR. Ukiona NSP, hiyo ni Vitz ya kizazi cha tatu yenye injini ya familia ya NR. Ukifika kwenye gari, kibati cha kwenye ukuta wa injini au kwenye nguzo ya mlango kitakuandikia modeli nzima, mfano DBA-SCP90, na mstari wa injini pia. Visipofanana na kadi, umeokoa nauli ya mafundi wa baadaye.

Injini yenyewe pia ina namba iliyopigwa kwenye bloku. Hakikisha inalingana na ya kwenye kadi. Kwetu injini zinabadilishwa kwa wingi, na si kosa kubadilisha. Tatizo ni mtu aliyebadilisha asirekebishe kadi, halafu siku ya kuhamisha umiliki wewe ndiye unayeulizwa.

Sasa IST, maana naona dalali ameipita haraka. Ilizinduliwa Mei 2002, na si gari geni hata kidogo. Ni Vitz iliyoinuliwa, ikapewa mabega na magurudumu makubwa zaidi, juu ya chesisi ile ile ya 1999. Toyota waliitumia chesisi hiyo kwa uchoyo wa kusifiwa: kutoka humo walitoa Platz, Funcargo, bB, WiLL Vi, IST, Probox na Succeed. Marekani IST iliuzwa kwa jina la Scion xA. Kwa hiyo ukinunua IST umenunua Vitz ya old model yenye bodi nzuri zaidi, na hilo nalisema kama sifa. Ya 1290 ni NCP60, ya 1490 ni NCP61 yenye 1NZ-FE na farasi karibu 110, na NCP65 ndiyo ya 1490 inayovuta magurudumu yote. IST ya kizazi cha pili, ya mwaka 2007 na kuendelea, ni nyingine: 1NZ ya 1490 au 2ZR ya 1800, na haimo kwenye matatu uliyoonyeshwa.

Utajiri wa NZ uko kwenye undugu. 1NZ na 2NZ zina kipenyo kimoja cha silinda, milimita 75. Kilichobadilika ni safari ya pistoni, 73.5 kwa ndogo na 84.7 kwa kubwa. Vitu vingi vya nje vinashirikiana au vinakaribiana. Na 1NZ imekaa kila mahali: Probox na Succeed, Raum new model, Sienta, Porte, Spacio, Runx na Allex, Corolla za NZE, Premio na Allion za 1490. Toleo lake la haibridi, 1NZ-FXE, ndilo lililokuwa kwenye Prius ya kwanza kabisa mwaka 1997. Fikiria hilo siku utakapoona Probox imepakiwa hadi matairi yanalia: injini yake ni binamu wa gari lililoanzisha biashara nzima ya haibridi duniani. Matokeo kwako ni kwamba hakuna mji Tanzania wenye duka la spea usiopata sensa, koili, maunti au pampu ya NZ, na hakuna fundi ambaye hajaifungua. Za 2SZ zinapatikana, ila Mbeya mara nyingine utasubiri basi la kutoka Dar.

NZ nayo ina madhaifu yake, usije ukaniambia sikukuambia. Ikishatembea sana, hasa kama oili ilikuwa inacheleweshwa, ringi za kukomba oili zinaganda kwa masizi na injini inaanza kula oili. Na kwa sababu zile silivu ni nyembamba, haikuundwa ili ichongwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kama injini za zamani za chuma. Ndiyo maana watu wengi, ikifika huko, hununua injini nyingine ya mtumba badala ya kufanya oveholi. Hapo mzee wako angecheka. K na E zake zilichongwa zikarudi barabarani.

Kwa hiyo uipime IST hiyo hivi. Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa. Chomoa kijiti cha oili utazame kimo na rangi. Washa usikilize sekunde za mwanzo: mlio wa cheni unaokwaruza na kuisha haraka ni uzee wa kawaida, unaoendelea ni kikazio au cheni yenyewe, iwe NZ au SZ. Kisha endesha hadi ipate joto, tafuta mteremko mrefu, ondoa mguu kwenye mafuta kwa muda, halafu kanyaga huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa bluu hapo ni ringi au sili za valvu. Mbeya hamkosi miteremko.

Tazama pia rejeta ikiwa imepoa. Ukikuta maji yenye kutu badala ya kulanti, uliza kwa nini. Uliza pia kama themostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto. Nimeona gereji nyingi zinaing'oa kwa imani kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Kwa hali ya hewa ya Mbeya, Juni na Julai, injini isiyo na themostati inatembea nusu safari ikiwa baridi. Kompyuta inaidhania ndiyo kwanza imeamka, inamwaga mafuta mengi, na oili inachafuka upesi. Kuirudisha ni bei ndogo. Bloku ya aluminiamu iliyowahi kuchemsha ndiyo yenye gharama, kwa hiyo ukiona dalili za hedi kufunguliwa karibuni, silikoni mpya ya rangi rangi pembeni, ongeza maswali.

Nilisema nitairudia Mbeya. Mji wenu uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Zile farasi 70 za SCP10 zilizopimwa Japani, kwenu zimebaki kama 58. Toka Uyole ukipanda Isyonje kwenda Tukuyu unazidi mita 2,000, na zinapungua tena, huku ndani mko wanne, maboksi ya zawadi za wakwe, na kurudi mmebebeshwa mkungu wa ndizi. Gari litafika. Litafika kwa gia ya chini, injini ikipiga kelele, na malori yakikusukuma nyuma. Vitz ya 990, ya pistoni nne au tatu, ni gari la mjini. Kwa safari yenu ya kila wiki sikushauri, na sababu ni mlima, wala si pistoni.

Kati ya 1290 mbili, nguvu hazitofautiani cha maana, kila moja ina farasi 87 hivi. Kinachozitenganisha ni gia boksi. IST ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne, ya aina ambayo fundi yeyote wa gia boksi anaifahamu. Vitz SCP90 ya 2WD ilikuja na CVT, ile ya mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, isiyo na hatua za gia. Ikiwa nzima, CVT ni tamu na inabana mafuta. Lakini inataka oili yake maalumu ya CVT, na hapa kwetu nyingi zimeshamwagiwa ile oili nyekundu ya otomatiki za kawaida na mtu aliyedhani oili ni oili. Haifi siku hiyo. Inaanza kuteleza na kuvuma polepole, na mlima mrefu kama Kitonga ndio unaoifichua. Kwenye kile kibati cha modeli kuna mstari wa TRANS/AXLE: kodi inayoanza na K ni CVT, inayoanza na U ni otomatiki ya kawaida. Ukiichukua Vitz hiyo, ijaribu kwa kuisimamisha kabisa kwenye mlima halafu uondoke taratibu, ukiwa umeshaiendesha nusu saa na imepata joto. Ikitetemeka kuondoka, au ikipandisha mzunguko wa injini bila gari kwenda, shukuru na urudishe ufunguo.

Kuhusu umbo la ndani, kaa kwenye zote mbili ukiwa na watoto. Vitz ya 2006 ni pana kidogo kuliko ya kwanza na kiti cha nyuma si kibaya; IST iko juu zaidi kutoka ardhini na mtu mzima anaingia bila kuinama sana. Kwa barabara za vumbi za kuingia vijijini huko Rungwe, kile kimo cha IST utakitumia. Buti zote ni ndogo. Tairi za IST ni kubwa na bei yake ni kubwa vilevile, hilo nalo uliweke kwenye hesabu.

Kizazi cha tatu cha Vitz, kilichotoka Desemba 2010, nakitaja tu kwa kuwa utakutana nacho kwenye matangazo. Kina 1KR kwenye KSP130, 1NR-FE ya cc 1329 kwenye NSP130, na 1NZ kwenye NCP131. Mwaka 2014 ile 1NR iliboreshwa ikaitwa 1NR-FKE, yenye ubanaji mkubwa wa hewa na mfumo wa kujizima kwenye foleni. Januari 2017 ikaja ya haibridi. Februari 2020 Toyota wakalifuta jina la Vitz hata Japani, gari likaitwa Yaris kama kwingineko. Ukiona «Vitz cc 1320», ni NSP130. Injini nzuri, bei nyingine.

Mimi ningechukua IST, mradi isiwe inakula oili. Kama inakula, usiitamani kwa sababu ya umbo. Rudi kwa Vitz ya 2006 uijaribu gia boksi yake kwenye mlima, na ikipita, nunua hiyo ukijua spea za injini yake zinaagizwa kwa jina la 2SZ na si kwa cc. Ukiwa na subira ya mwezi na hela kidogo ya ziada, tafuta IST yenye NCP61 kwenye kadi. Zile farasi za ziada za 1490 hutazisikia Soweto wala Kabwe, utazisikia mkipanda Isyonje mmejaa.

Na mzee akishikilia Starlet yake, muulize mkanda wa taimingi aliubadilisha lini mara ya mwisho.